Kamati ya Kumzika Shangazi

Nimesikia kiti changu mmekihamishia jikoni, na kwamba anayekikalia sasa ni birika la maji ya moto. Sawa. Kiti kile kilikuwa na gurudumu moja lililokataa kugeuka, kama baadhi yenu, na tulivumiliana. Lakini kabla hakijatupwa, acheni niwaandikie nyinyi vijana wa dawati la msaada mambo machache niliyoyaona nikiwa nimekikalia. Mshahara sitautaja, maana haukuwa na hadithi. Vyeo navyo nitavipita. Nilipewa kimoja tu, nacho kilikuja na ufunguo wa kabati lisilokuwa na kitu ndani.

Nilifika pale Randburg mwaka 2015, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea na wajukuu Machakos. Nairobi nilikuwa nimetengeneza kompyuta za benki miaka na mikaka, kwa hiyo nilidhani kazi naijua. Kituo chetu cha simu, kwa atakayesoma haya bila kukijua, kilihudumia wasafiri wenye bima. Mtu anavunjika mguu Goma au mzigo wake unapotelea Mombasa, anapiga simu, na anayempokea yuko ghorofa ya tatu Randburg, juu ya duka la magodoro. Ndiyo maana ukumbi ulijaa Wakongo, Warundi na sisi Wakenya, kwa sababu kampuni ilitaka watu wa Kifaransa na Kiswahili. Bosi wetu, Riaan, alikuwa mwenyeji. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "pole pole", na alikitumia chote kila asubuhi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bra Solly, yaani Kaka Solly, fundi wa Soweto aliyekuwa anakaribia kustaafu na hakuficha furaha yake. Alinipa brashi ya kupakia rangi, mpya, bado ina karatasi yake. Nikamuuliza tunapaka nini. "Eish, Mama," akasema, "hawa watu wanakula." Na kweli. Nyingi ya kompyuta nilizoitwa kuzifufua mwaka ule hazikuwa na virusi, zilikuwa na mandazi. Unageuza kibodi, unapiga mgongo taratibu kama mtoto aliyeshiba maziwa, unapitisha brashi, na herufi A inarudi kutoka kwa wafu. Ile brashi ninayo hadi leo.

Siku ileile dada mmoja alilalamika kwamba kompyuta yake imekufa. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza kutafuta waya. Bra Solly akanigusa bega. "Umeshakaa?" Nikamuuliza nikae wapi. "Kwenye kiti chake. Usiguse kitu kabla hujakaa kwenye kiti cha mwenyewe." Nikakaa, huku nimenuna, maana sikuja Johannesburg kufundishwa kukaa. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga kioo moja kwa moja, na kutoka pale kitini hukuona chochote ila uso wako mwenyewe. Bra Solly akavuta pazia, kompyuta ikafufuka, naye akaenda kunywa chai. Sisi tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimeusema msemo huo maisha yangu yote bila kuufanyia kazi hata mara moja.

Sasa niingie kwenye msiba wenyewe.

Mnajua kwamba kazi yote pale hufanyika ndani ya brauza, lile dirisha la kuingilia mtandaoni. Mteja yumo humo, bima yake imo humo, na ukilifunga kwa bahati mbaya mteja anabaki hewani na mguu wake. Enzi hizo kila mtu alikuwa na brauza yake na aliitetea kama timu ya mpira. Majina yao halisi siyataji, yana wenyewe na wenyewe wana mawakili, na mimi nimestaafu. Sisi tuliwapa majina ya nyumbani.

Kipenzi chetu tulimwita Shangazi, kwa sababu ya mkoba. Shangazi wa kweli hakosi kitu mkobani: pini, dawa ya kichwa, peremende, shilingi ya sadaka. Brauza ile nayo ilikubali uijaze nyongeza, vidude vidogo vya kila aina, na kila mtu alijaza vyake. Mmoja alikuwa na cha kutafsiri Kifaransa. Mwingine alikuwa na cha kuonyesha saa ya Kinshasa na saa ya Lubumbashi, maana Kongo ina saa mbili na wateja hawapendi kuamshwa. Mimi nilikuwa na kimoja kilichozuia matangazo ya dawa za kupunguza unene, ambayo yalikuwa yananifuata kwa ukaidi nilioona ni wa kibinafsi.

Na Mama Esperance alikuwa na chake, ambacho kwake hakikuwa anasa. Mama Esperance alikuwa mtu wa Bukavu, mpokeaji simu bora kuliko wote wa laini ya Kifaransa. Sauti yake ilikuwa ya taratibu hata mtu aliyelazwa hospitali angeweza kulala tena. Macho yake yalikuwa yanaharibika. Daktari alishamwambia hayatarudi, yatakwenda polepole tu. Mwanga mweupe ulimchoma, na herufi nyeusi juu ya ukurasa mweupe zilimgeukia moshi. Kile kinyongeza mkobani mwa Shangazi kiliugeuza ukurasa wote kuwa mweusi, na maandishi yakawa ya manjano, makubwa kama ya bango la barabarani. Kwa hicho alifanya kazi. Kabla ya hapo alikuwa msusi wa nywele, na aliacha kwa sababu haoni tena mistari ya kichwa. Alikuwa na watoto wawili shuleni kule Kensington na hakuwa na kazi nyingine aliyobakiza kuijaribu.

Mwaka 2017 Shangazi akaanza kuchoka. Unamfungulia ukurasa, anafikiri. Unambonyeza, anafikiri. Mteja anasema "alo, alo" na Shangazi amesinzia. Watu waliomtukuza wakaanza kumsema pembeni, na wengine wakaonekana na brauza nyingine wakati wa chakula cha mchana, wakidai ni ya kuangalia mpira tu. Mimi nilimtetea. Nilisema ni uzee, uzee si ugonjwa. Nilikuwa najitetea na mwenyewe.

Halafu Jumatatu moja tukaingia kazini tukamkuta amekuwa kijana. Wenye kumtengeneza walikuwa wamemsasisha. Alikuwa mwembamba, mwepesi, anafungua kurasa kabla hujamaliza kubonyeza, na mkoba hana. Nyongeza zote za zamani zilikuwa zimekufa kwa pamoja. Ukumbi mzima ulilia, kila mtu na chake, lakini Mama Esperance hakulia. Alikaa mbele ya ukurasa mweupe, ameweka kiganja juu ya macho, na simu yake iliita mpaka ikakatika.

Riaan alitoka ofisini na tangazo. Makao makuu hayamtaki tena Shangazi, wala mzee wala kijana. Ghorofa nzima ichague brauza moja, moja tu, na Jumatatu inayofuata kila mtu awe juu yake. Halafu akaniita pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu hiyohiyo atasimama nyuma ya Mama Esperance. Akishindwa kusoma, itabidi apumzishwe kwa sababu za afya. Kwa lugha yao hilo lina jina zuri. Kwa yetu ni kwamba anarudishwa nyumbani, na kwa hali yake harudi tena kazini popote. "Ninyi chagueni vizuri," akasema. "Sharp?" Yaani, sawa? Kisha akalikabidhi jambo zima kwa Baba Caleb.

Hapo ndipo tulipokwisha. Baba Caleb, Mkenya mwenzangu, alikuwa msimamizi wa laini ya Kiswahili na mzee wa kanisa, na alikuwa ameongoza kamati ya kila harusi, kila harambee na kila kusafirisha mwili kwa Wakenya wote kuanzia Randburg mpaka Pretoria. Alikuwa mtu mwema, na ninasema hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu naye anasoma haya. Lakini ukipiga chafya mbele yake, kabla hujatoa leso ana mwenyekiti, makamu na mweka hazina. Jumanne saa ya chai alituita jikoni. Tukafunguliwa kwa sala. Tukaombwa tujitambulishe, watu tuliokaa meza moja miaka miwili. Mweka hazina akachaguliwa, ingawa hapakuwa na hazina. Deo, Mrundi wa makamo aliyependa maneno, akawa msemaji wa familia. Mimi nikawa katibu, kwa sababu nilikuwa nimeshika kalamu.

Nikauliza: na Mama Esperance je? Mbona hayupo?

Baba Caleb akanitazama kwa huruma. "Mama Tabitha," akasema, "mfiwa hasumbuliwi."

Naomba mnielewe hapa, nyinyi mliozaliwa huku na kukulia kwenye mazishi ya saa moja na sandwichi. Kwetu, mwenye msiba hapiki, hachoti maji, hapangi chochote. Anakalishwa, anapewa chai, na watu wanakimbia kwa niaba yake. Ni desturi nzuri kuliko nyingi nilizoziona. Mume wangu alipofariki nilikalishwa hivyo, na bila wale watu nisingesimama tena. Kwa hiyo kamati haikuwa na ubaya. Shangazi amekufa, aliyeumia zaidi ni Mama Esperance, basi mfiwa ni yeye. Akalishwe. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekufa. Kulikuwa na mtu hai, na macho yake, na Jumatatu.

Akakalishwa kweli. Simu zake ziligawiwa kwa wengine. Kila saa mtu alimpelekea chai, ya maziwa, sukari ya kutosha. Wamama wa laini ya Kifaransa walikaa naye kwa zamu, wamevua viatu. Watu wa ghorofa ya pili, ambao hawakujua kimetokea nini, walipanda kumpa pole na kurudi. Baba Caleb mwenyewe alimshika mkono akamwambia, "Vumilia, Mama. Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Alisema hivyo mbele ya mtu anayepofuka, kisha akaondoka ameridhika.

Jikoni, mjadala ulipamba moto. Mwenyekiti alikuwa na mgombea wake, yule tuliyemwita Mlafi kwa jinsi anavyokula nguvu ya kompyuta. Unafungua kurasa chache na mashine inaanza kupumua kama mtu anayepanda mlima na kreti ya soda. Hoja ya Baba Caleb ilikuwa kwamba Mlafi anatumiwa na kila mtu, hata mchungaji wake. Deo alikuwa wa Mtakatifu, brauza mpya iliyozuia matangazo yote na kukuonyesha hesabu ya maovu iliyokuepusha nayo. "Tangu asubuhi ameniepusha na mia tatu," Deo alisema, akigeuza simu ili tuone. Mtu akauliza maovu gani hayo, mbona Deo anafungua tovuti za hali ya hewa tu. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya kicheko.

Alikuwepo na wa tatu, Mlinzi. Yeye alikuja na kompyuta, kama mlinzi unayemkuta getini siku unapohamia: hukumwajiri, humjui, na kazi yake ya kwanza ni kukuonyesha njia ya kwenda kumchukua mwingine. Hakuna aliyemtumia zaidi ya mara moja. Nilipomtaja, ili tu orodha ikamilike, mweka hazina alicheka mpaka akashika sinki.

Jumatano nikasema tena kwamba tumuulize mwenyewe anachoweza kusoma. Baba Caleb akasema, "Katibu anaandika, hachangii." Nikasema basi angalau tujaribu hizo brauza mbele yake. Akasema muda hautoshi, na mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia aliyetunga methali hiyo hajawahi kulima kwa jembe lisilo na mpini. Akaniomba nisiandike hilo kwenye kumbukumbu. Nililiandika.

Alhamisi nilimpita Mama Esperance nikiwa na brashi yangu mkononi. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa. Vikombe vilikuwa vimepangwa mbele yake, vyote vimejaa, chai imeshika utando juu.

"Mama Tabitha," akasema bila kugeuka. Alinijua kwa mwendo. "Hii chai itaniua mbele ya macho."

Kwao "mbele ya" ni "kabla ya". Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mi sikufiwa, mama. Nani alikufa? Mi niko muzima. Niko na macho mubaya, basi. Tangu Jumanne batu banakuja kunipa pole, hata mumoja hakuniuliza: Esperance, unaona nini, hauone nini." Akasukuma kikombe kimoja pembeni. "Jumatatu ule bwana atasimama nyuma yangu. Nikitoka hapa nitaenda wapi? Watoto nitabaambia nini?"

Niliona haya, na haya yakageuka hasira, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nilikuwa nimezunguka na kalamu ya kamati siku tatu, mimi niliyefundishwa na Bra Solly. Nikamwambia, "Nipishe hapo." Akasimama, nikakaa kwenye kiti chake. Naye bila kuulizwa akavua miwani yake, akanivalisha mimi. Dunia ikawa uji. Nikawasha kompyuta, na ule mwanga mweupe wa ukurasa wa kwanza ukanipiga usoni mpaka machozi yakatoka.

"Aa," akasema. "Sasa tunaweza kufanya kazi."

Nikamrudishia miwani yake, tukabanana pale mezani, mimi nikibonyeza, yeye akiniambia anachoona. Tulianza na Mlafi. Mlafi naye ana nyongeza za kugeuza ukurasa mweusi, nikamwekea moja, ikafanya kazi. Lakini kila tukihama ukurasa, kabla weusi haujaja, kilipita kimweko cheupe. Mimi sikukiona. Yeye kila mara alirudisha kichwa nyuma kama aliyerushiwa maji, na mpokea simu anahama kurasa siku nzima. Tukaenda kwa Mtakatifu. Mtakatifu alizuia matangazo, akazuia picha, na mwisho akazuia ukurasa wetu wa wateja, akajisifu kwamba ametuepusha nao.

"Bon," akasema Mama Esperance. "Hakuna mwingine?"

Alibaki Mlinzi, na nilikaribia kutomtaja. Kwenye kompyuta zile, ndani kabisa ya mipangilio, kulikuwa na mahali pa kubadilisha rangi za mashine yenyewe kwa ajili ya watu wa macho dhaifu. Nilikuwa nimepaona mara nyingi nikipapita kwenda kwingine. Nikachagua nyeusi kwa manjano, nikaongeza ukubwa wa maandishi. Mlafi hakujali, alibaki na weupe wake, ana akili zake. Nikamfungua Mlinzi. Mlinzi hana akili za kubishana na mtu. Nyumba ikipakwa rangi, naye anavaa rangi hiyohiyo. Ukurasa wa wateja ukaja mweusi ti, maandishi ya manjano, makubwa. Tukahama ukurasa. Mweusi. Tukahama tena. Mweusi.

Mama Esperance akaegemea mbele. "Mteja mupya, bonyeza hapa," akasoma. "Mteja wa zamani, andika namba ya bima." Akaendelea. Akasoma masharti. Akasoma yale maneno ya chini kabisa kuhusu haki zote kuhifadhiwa, ambayo hakuna binadamu amewahi kuyasoma. Akasoma tangazo la kuomba watu waoshe vikombe vyao. Nikamwacha asome, sikuharakisha. Alipomaliza akachukua vikombe vya chai vyote, akaenda kuvimwaga.

Ijumaa kamati ilitoa uamuzi: Mlafi, kwa kauli moja, na neno la shukrani kwa wapishi wa chai. Nikainua mkono nikaeleza tulichogundua. Baba Caleb akasema anashukuru, lakini jambo hilo halimo kwenye ajenda, na Riaan alitaka brauza moja kwa ghorofa nzima. Tena, aliongeza, haingefaa mfiwa kuonekana akichagua. Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mwenyekiti, ukatibu wako nimekurudishia, na mfiwa wako yuko mezani kwake anafanya mazoezi." Nikatoka nikafunga mlango kwa nguvu iliyozidi kidogo. Mwishoni mwa juma sikulala vizuri. Kama ingeshindikana, ningekuwa nimempa mtu matumaini ya bure na kumharibia hata huruma ya watu.

Jumatatu Riaan alikuja na kikombe chake. "Jambo," akasema. Akasimama nyuma ya Mama Esperance. Mimi nilikuwa meza ya pili, nikipiga brashi kibodi iliyokuwa safi. Simu ikaingia. Ilikuwa ya bwana mmoja aliyefika Kisangani wakati mkoba wake umefika Addis, na ndani ya mkoba kulikuwa na dawa zake za presha, na alikuwa anapaza sauti kana kwamba Mama Esperance ndiye aliyeubeba. Mama Esperance akamwacha amalize. Akafungua bima yake, akasoma kifungu cha dawa, akakisoma kwa sauti neno kwa neno kwa Kifaransa chake cha taratibu, akamtafutia duka la dawa mtaani kwake, akamuuliza jina la mkewe ili naye apigiwe. Bwana alipokata simu alikuwa anamwita "binti yangu".

Nikamtazama Riaan. Hakuwa anamtazama Mama Esperance. Alikuwa anatazama kioo. Na hapo nikaona kitu nilichokuwa nimekizoea hata sikioni: Riaan, ambaye kila karatasi aliishika mbali kama nyoka, alikuwa amesimama wima, mikono mfukoni, macho wazi, na midomo yake inatembea. Alikuwa anasoma.

"Pole pole," akasema mwishowe, na Kiswahili chake kikawa kimekwisha. Akarudi ofisini. Habari ya kupumzishwa haikutajwa tena.

Kesho yake akaja mezani kwangu. Ile rangi ya yule mama, akauliza, ni ngumu kuiweka? Nikamuuliza anaitaka nani. "Rafiki yangu," akasema. Nikamuuliza rafiki ana umri gani. Akafikiri. "Umri wangu," akasema.

Hapo mkondo ukafunguka. Kila aliyevuka miaka arobaini alikuwa na rafiki. Mweka hazina, aliyeshika sinki kwa kicheko, alikuwa na rafiki wawili. Deo alikuja akisema ni kwa ajili ya utafiti. Kwa karatasi, ghorofa yetu ilikuwa ya Mlafi, na alama yake ilikaa kwenye kila kompyuta, safi, haijaguswa. Baba Caleb alikuja wa mwisho kabisa, akafunga mlango, akakohoa. "Mama Tabitha," akasema, "ni suala la faragha." Alikuwa anaongoza ibada za mazishi kwa kukumbuka tu, miaka miwili hakuwa ameweza kusoma ratiba. Nikamwambia akae. Nikamuuliza anaona nini. Mwaka uliofuata, jioni za majira ya baridi, ukisimama pale chini kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, ukisubiri kuvuka, uliweza kuona madirisha ya ghorofa ya tatu yana mwanga wa manjano, na watu walidhani tunapika.

Mwaka 2019, muda mfupi kabla sijaondoka, tangazo likaja tena. Wenye Mlinzi walikuwa wanamwacha, wanatengeneza mwingine, na makao makuu yakataka ghorofa ichague upya. Nilicheka peke yangu. Mnamcheka mtu kwa jinsi alivyo mbovu, mnamzoea, mnampenda, na ndipo anapofukuzwa.

Baba Caleb akaita kamati. Sidhani alikuwa na nia mbaya, mkono wake ulijiendea wenyewe. Tukajaa jikoni. Deo, naye kwa mazoea, akajaza kikombe cha chai ya maziwa, sukari ya kutosha, akampa Mama Esperance aliyekuwa amesimama mlangoni. Macho yake wakati huo yalikuwa yamepungua zaidi. Alikipokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti akasimama, akatuomba tuinamishe vichwa, akaomba kwa kirefu.

Tulipofumbua macho, kiti cha mwenyekiti kilikuwa na mtu. Mama Esperance alikuwa amekikalia, mgongo umenyooka. Baba Caleb alisimama pale, hajui aende wapi. Mama Esperance akavuta kiti kingine, akakipiga piga kwa kiganja, na Baba Caleb akakaa. Akamwekea kikombe mkononi.

"Pole sana, baba," akamwambia. "Leo mufiwa ni weye. Kunywa chai. Na ukimaliza utatuambia sisi wote: unaona nini?"